Masafa Hayapimwi kwa Saa



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuwepesishia njia za nchi kavu, za bahari na za anga. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya kina mama, alibaki nyuma mama mmoja wa hapa kwetu Mombasa. Alikuwa amerejea kutoka Nairobi, alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua huko Kawangware, akakaa naye arubaini nzima. Alikwenda kwa ndege, yeye na mwanawe wa kiume aliyemfikisha, na angani, kwa kauli yake, hawakutimiza saa moja. Tangu alipofika alianza kuswali qasri: Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri rakaa mbili, Isha rakaa mbili. Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba msafiri ni msafiri mpaka arudi kwake. Akaendelea hivyo siku zote arubaini.

Lililomtia shaka ni neno la binti yake mdogo, anayekaa na dada yake huko huko Kawangware na kufanya kazi katika duka la vitambaa, mtaa wa Biashara, katikati ya jiji. Binti huyo alimwambia: "Mama, wewe umeikata nchi chini ya saa moja, ukashuka hata hujachoka, nawe unapunguza swala. Mimi kila jioni nakaa saa mbili ndani ya matatu kutoka mjini mpaka hapa, Magharibi inanipita nikiwa kitini. Mbona mimi sina ruhusa yoyote?" Mama hakuwa na jibu. Siku ya kurudi, abiria mwenzake akamzidishia mashaka kwa kumwambia kwamba siku hizi ndege si safari, na mwenye kupanda ndege hana qasri kabisa.

Akaniuliza huku machozi yanamlengalenga: "Sheikh, hizo siku arubaini, nimeswali au sikuswali?"

Nilimjibu siku ile ile. Kisha nikamwomba ruhusa niliandike jibu hapa bila ya kumtaja jina, naye akaridhia, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina mtoto Nairobi, na nyumba nyingi za Nairobi zina mzazi pwani. Swali lake ni la wengi.

Tuanze na masafa yenyewe. Baina ya uwanja wa ndege wa Moi, ulioko Port Reitz hapa Mombasa, na ule wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi jijini Nairobi, kwa njia ya anga ni zaidi kidogo ya kilomita 420. Kwa barabara ni takriban kilomita 480. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina urefu wa kilomita 472 baina ya miji hii miwili. Ndege hukaa angani baina ya dakika 45 na saa moja. Gari la moshi la mwendo wa haraka huchukua saa tano hivi. Basi huchukua saa nane au zaidi, kwa kutegemea malori yaliyoko njiani. Sisi tuliokwenda kusoma au kutafuta riziki zamani tunalikumbuka gari la moshi la usiku: ulipanda jioni, ukalala, na asubuhi ukaamka unaona twiga na punda milia wa nyanda za Athi. Na kabla ya reli ya kwanza kufika Nairobi mwaka 1899, misafara iliyotoka pwani kwa miguu ilihesabu majuma, si saa.

Nchi ni ile ile. Milima ya Taita haikusogea, wala jangwa la Taru halikupungua. Kilichopungua ni muda wetu wa kulivuka. Basi swali la kisheria ni hili: je, ruhusa ya msafiri imefungwa na masafa au imefungwa na muda na uchovu?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, jibu ni masafa. Safari ndefu inayohalalisha qasri ni marhala mbili, nazo ni farsakh 16, au maili 48 za Kihashimu. Wengi katika wanavyuoni wa leo huyakadiria masafa hayo kuwa baina ya kilomita 80 na 90, kwenda peke yake, bila ya kuhesabu kurudi. Kwa kipimo hicho, atokaye Mombasa kwenda Malindi ni msafiri, na aendaye Kilifi si msafiri. Atokaye Nairobi kwenda Thika si msafiri, hata akikwama njiani tangu Adhuhuri hadi Isha.

Na msidhani kwamba wanavyuoni wa kale hawakuwazia chombo cha kasi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, amelitaja jambo hili katika kitabu chake Minhaj, kinachosomeshwa katika darsa zetu. Ameeleza kwamba bahari hukumu yake ni kama nchi kavu, na kwamba mtu akizikata maili hizo baharini kwa saa moja tu, bado anapunguza swala. Watu wa pwani wanaelewa maneno haya bila ya sherehe: jahazi likipata upepo mzuri wa kusi hufika mapema, na likikosa upepo hukaa siku nyingi, lakini Lamu haisogei karibu wala mbali kwa ajili ya upepo. Ndege ya leo ni jahazi lililopata upepo.

Atasema mtu: ruhusa imewekwa kwa sababu ya taabu, na taabu sasa imeondoka. Sahaba mmoja, Ya'la bin Umayya (r.a.), alikuwa na mshangao unaofanana na huo. Alimwuliza Sayyidna Umar (r.a.) juu ya aya ya 101 katika Suratun-Nisaa, ambayo inataja kupunguza swala pamoja na hofu ya maadui, ilhali watu wakati ule walikwisha kuwa katika amani. Sayyidna Umar akamjibu kwamba yeye pia lilimshangaza jambo hilo, akamwuliza Mtume (s.a.w.), naye akamweleza kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi waipokee. Imepokewa na Imamu Muslim. Ukipewa sadaka na Mola wako huirudishi kwa kusema, "Leo sikuchoka." Kwa hiyo yule abiria aliyesema kwamba ndege si safari amekosea.

Lakini jirani naye amekosea, na kosa lake ndilo lililomletea mama yetu mzigo. Safari ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mtu hawi msafiri nje ya milango hiyo.

Mlango wa kuingilia ni kuyaacha majumba ya mji wako. Mkazi wa Kawangware anayekuja Mombasa huenda akatumia saa mbili kulivuka jiji mpaka Embakasi, na muda wote huo yumo ndani ya mji wake. Akiswali uwanjani kabla ya kuruka, aswali kamili. Kadhalika mkazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa: akifika Port Reitz bado yumo katika majengo ya mji, basi naye ashike hadhari na aswali kamili. Wote wawili hubeba hukumu ya msafiri ndege inapouacha mji nyuma yao.

Mlango wa kutokea ni makazi. Mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake humalizika pale pale anapofika, na tangu saa hiyo huswali kama wenyeji. Anayekwenda kwa siku mbili au tatu, kwa harusi, kwa mazishi au kumwona daktari, hubaki msafiri na hupunguza muda wote huo. Na mwenye haja asiyoijua itakwisha lini, akitaraji kila siku kwamba kesho ataondoka, ana ruhusa hadi siku 18. Nakumbusheni pia kwamba msafiri akiswali nyuma ya imamu mkazi, humfuata kwa rakaa nne. Ukiingia Msikiti wa Jamia jijini ukajiunga na jamaa, usitoe salamu peke yako katika rakaa ya pili. Na jirani yako wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa akikwambia kwamba kwao ni siku 15, usibishane naye. Hayo ndiyo aliyofundishwa, nawe una yako.

Sasa tumrudie mama yetu. Alipopanda ndege alijua kwamba anakwenda kukaa arubaini, na si siku nne. Basi safari yake ilianza ndege ilipoiacha Mombasa na ikaisha alipoingia Nairobi. Alikuwa msafiri kwa muda usiotimiza saa moja, na katika muda huo hapakuwa na swala aliyohitaji kuipunguza. Ndege haikumwondolea ruhusa. Ilimfupishia muda wa kuitumia, na makazi yakaifunga.

Hesabu ni hii: siku 40, kila siku swala tatu za rakaa nne zilizoswaliwa mbili mbili. Ni swala 120. Kwa madhehebu yetu hizo hazikusihi, na inampasa kuzilipa.

Nalijua kwamba wako wanavyuoni wakubwa wasioweka idadi ya siku, na imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alizuiliwa na theluji huko Azerbaijan miezi sita akawa anapunguza swala. Simlaumu mwenye kuifuata rai hiyo kwa elimu. Lakini Ibn Umar alizuiliwa njiani, na mama huyu alikuwa na kitanda chake, jiko lake na siku zake zilizojulikana. Tena yeye hakufuata rai ya mwanachuoni. Alifuata neno la barazani. Nilipomweleza njia zote mbili alisema mwenyewe, "Sheikh, nitalipa, nilale kwa raha."

Mama zangu, mzigo wa swala 120 unaweza kumkatisha mtu tamaa, basi utazameni kwa wepesi wake. Kila akimaliza Adhuhuri ya siku, analipa Adhuhuri moja. Akimaliza Alasiri, Alasiri moja. Akimaliza Isha, Isha moja. Kwa siku 40 amemaliza, kwa idadi ile ile ya siku alizomlea mjukuu wake. Na ujira wake wa kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto haukupungua hata chembe. Alikosa kwa kutojua, na mwenye kurekebisha kosa lake hana haja ya kulilia.

Nimfikie binti wa mtaa wa Biashara, ambaye swali lake ndilo zito zaidi. Kutoka dukani kwake hadi Kawangware hazifiki kilomita 15. Kwa sheria yeye yumo mjini mwake, hata matatu ya namba 46 imkalishe Valley Road, kisha Hurlingham, kisha Yaya, kisha Valley Arcade mpaka kiti kimwumize. Qasri hana. Tena Magharibi haipunguzwi popote, safarini wala nyumbani; ni rakaa tatu daima. Anachohitaji ni kuiwahi.

Binti huyo anafunga duka saa kumi na mbili jioni, anapanga foleni, na anafika nyumbani baada ya saa mbili, Isha imekwisha kuingia. Adhana ya Magharibi Nairobi huwa kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, ikitangulia au kuchelewa kidogo kwa majira. Msikiti wa Jamia uko hatua chache kutoka mtaa wa Biashara, kando ya maktaba ya McMillan, na wanawake wana mahali pao. Akiingia hapo akangoja nusu saa, akaswali, ndipo akapanda gari, swala yake imesalimika.

Najua gharama ya maneno haya. Nusu saa hiyo itamfikisha Kawangware usiku zaidi, na msichana kutembea peke yake usiku kutoka kituoni ni jambo la kuhofiwa. Basi msimwachie mzigo peke yake. Shemeji yake au ndugu yake ampokee kituoni. Wasichana wa mtaa mmoja waswali pamoja na wapande gari moja. Na mwenye duka, hasa akiwa Mwislamu, amwache atoke mapema kidogo na afidie asubuhi. Riziki ya duka haitapungua kwa hilo.

Na siku ambayo mvua imeufunga mji na hakuna namna? Wako miongoni mwa wanavyuoni, kama Ibn al-Mundhir, waliomruhusu mkazi kukusanya swala mbili kwa haja, kwa sharti asiifanye ada yake, wakitegemea Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya akiwa Madina bila ya hofu wala mvua. Siku ya dharura kama hiyo, anuie kuichelewesha Magharibi na kuiswali pamoja na Isha, zote kwa ukamilifu wake. Hiyo ni ya siku moja moja, haifai kuwa desturi ya kila jioni.

Yako mambo matatu mengine yanayotokana na hukumu hii hii.

La kwanza ni saumu. Kwa madhehebu yetu, aliyepambazukiwa na alfajiri akiwa kwake, kisha akaondoka kwa ndege ya asubuhi, hafungui siku hiyo kwa sababu ya safari. Ruhusa ni ya aliyeuacha mji kabla ya alfajiri, na hata huyo, asipopata taabu, kufunga ni bora kwake. Na kwa kuwa Nairobi iko magharibi yetu, jua huko huchwa takriban dakika kumi baada ya kuchwa hapa. Abiria aliyeko angani jioni hafuturu kwa saa ya Mombasa wala ya Nairobi. Akiwa analiona jua dirishani, bado ni mchana kwake. Anangoja lizame mbele ya macho yake.

La pili ni ratiba. Ndege ya saa kumi na mbili jioni humfikisha abiria Nairobi kiasi cha saa moja, Magharibi imeingia na haijatoka. Wengi husema, "Nitaswali nikifika nyumbani," na nyumbani ni Kangemi au Kawangware. Tangu mwaka 2022 iko barabara ya juu ya kulipia kutoka upande wa uwanja hadi Westlands, inayompunguzia safari mwenye uwezo wa kuilipia. Lakini baada ya Westlands msongamano unamngoja. Swalini uwanjani kabla ya kutoka. Mkihesabu kutoka mlango wa nyumba ya Mombasa hadi mlango wa nyumba ya Kawangware, pamoja na kuwahi uwanjani na kungoja mizigo, safari ya dakika 50 huwa saa tano. Wekeni swala katika hizo saa tano.

La tatu ni safari ya mwanamke. Kwa kuwa hukumu ni ya masafa, agizo la mwanamke kusafiri pamoja na maharimu yake halikufutwa na wepesi wa ndege. Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu safari ya amani yenye watu waaminifu. Wapo wanaoruhusu na wapo wanaokataza. Mwenye haja amwulize mwanachuoni anayemwamini na ashauriane na watu wake. Lakini asijitolee fatwa kwa kusoma muda ulioandikwa katika tikiti. Mama wa kisa chetu alifikishwa na mwanawe, na katika hilo alifanya vyema.

Nilipokuwa namalizia makala hii, mama yule alinipa salamu kwa mjukuu wake mkubwa: amekwisha kulipa siku kumi na mbili, zimebaki ishirini na nane. Na binti yake mdogo amempigia simu kumwambia kwamba wiki hii ameswali Magharibi Jamia siku nne, na shemeji yake amekuwa akimpokea kituoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali swala zao na zetu, awahifadhi wasafiri wetu angani na barabarani, na awarudishe salama kwa watu wao.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.